Kazi ya Kikundi Isigeuke Kazi ya Mtu Mmoja

Fungua andalio la somo la mwalimu yeyote siku hizi. Kwenye mbinu za kufundishia hutakosa "majadiliano ya vikundi". Mitaala ya Tanzania na Kenya inayojengwa juu ya umahiri imeyapa uzito maneno hayo, na mdhibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akipita anapenda kukuta madawati yamegeuzwa. Basi yanageuzwa. Wanafunzi sita wanaizunguka karatasi moja ya manila. Mwenye mwandiko mzuri anaandika, mwingine anamnong'oneza majibu, wanne waliobaki wanasimuliana mpira wa jana. Baada ya robo saa mwakilishi anasimama mbele, anasoma, anapigiwa makofi. Wale wanne wanatoka na kilekile walichoingia nacho.

Sisi tunaoandaa walimu tunaliona hili kila msimu wa mazoezi ya kufundisha, na haraka yetu ni kuwalaumu watoto. Lakini watu wazima nao ndivyo walivyo. Mfaransa Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo, aliwapima watu wakivuta kamba mmoja mmoja, kisha wakivuta pamoja, na mwaka 1913 akachapisha matokeo. Walipokuwa wanane, kila mmoja alitoa takribani nusu tu ya nguvu aliyoionyesha peke yake. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na kutovuta kwa mpigo mmoja, ila majaribio ya watafiti wa baadaye yalithibitisha kuwa mtu hulegea akijua mchango wake hauonekani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa madawati, mwalimu aitazame kazi yenyewe. Kama mwanafunzi mmoja hodari anaweza kuimaliza peke yake, ataimaliza peke yake, hata ukimzungushia wenzake ishirini.

Njia iliyojaribiwa sana ni ya kugawa somo vipande. Ilianzia Austin, Texas, mwaka 1971, na haikubuniwa kwa ajili ya kupendezesha ripoti ya ukaguzi. Shule za mji huo zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto weusi, weupe na wenye asili ya Meksiko, na madarasani kukawa na uhasama mkali. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake wa chuo kikuu walipoitwa kusaidia, walikuta madarasa ya kugombea: mwalimu anauliza, mikono inanyooshwa, anayekosea anachekwa. Wakaamua kila mtoto katika kikundi apewe sehemu moja tu ya somo, aisome, awafundishe wenzake. Anayetaka kujua sehemu zilizobaki ikawa lazima amsikilize yule aliyekuwa akimdharau.

Tuilete mbinu hiyo kwenye darasa la tano au la sita, somo la malaria. Mwalimu anagawa maelezo vipande vinne. Cha kwanza ni mbu: Anopheles jike, anavyouma usiku, anavyotaga mayai kwenye maji yaliyotuama. Cha pili ni vimelea: vikishaingia mwilini huanzia kwenye ini, vikazaliana humo kwa siku kadhaa ndipo vivamie chembe nyekundu za damu. Cha tatu ni dalili na muda wake, kwamba kwa kawaida homa hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa. Cha nne ni kinga: chandarua chenye dawa, kufukia madimbwi, kuwahi kituo cha afya kupima.

Kisha linakuja swali. Asha alilala kwa bibi yake Ijumaa bila chandarua, mbu wakamuuma usiku kucha. Jumapili homa ikapanda, akapimwa, akakutwa na malaria. Je, ni mbu wa kwa bibi waliomwambukiza?

Mwenye kipande cha mbu atasema ndiyo bila kusita. Mwenye vimelea atamkatiza: siku mbili hazitoshi, vimelea vya juzi bado viko kwenye ini. Wa dalili atahesabu kurudi nyuma, afike kati ya wiki moja na mbili kabla ya safari. Wa kinga atauliza, je, nyumbani kwa Asha chandarua kipo? Hapo wanabishana kwa hoja, na yule mtoto mkimya wa dawati la nyuma hawezi kurukwa, maana kipande cha ini anacho yeye.

Vikundi vya watu sita havizuii mpango huu. Vipande viwili vinashikwa na watoto wawiliwawili, na anayesoma kwa taabu anaunganishwa na mwenzake. Kabla ya kufundishana, wenye kipande kimoja katika vikundi jirani wakutane kwa dakika chache wahakikishe wamekielewa. Hatua hiyo walimu wengi huiruka kwa kukimbizana na kengele, kisha wanashangaa kosa la mtoto mmoja limeenea kikundi kizima.

Jambo la pili ni mwakilishi. Binafsi ningemfuta kabisa. Akishajulikana tangu mwanzo, wengine wamepewa likizo. Wape watoto namba, 1 hadi 6, na majadiliano yakiisha chota karatasi kutoka kwenye kopo: "Namba 4 wote, simameni." Hakuna anayejua itatoka namba gani, hivyo kikundi kinamhangaikia kila mmoja wake aelewe. Kwenye majukumu pia kuna la kuangalia: mara nyingi mvulana anakuwa mwenyekiti na msichana anakuwa katibu, muhula mzima, na hakuna aliyepanga iwe hivyo. Zungusha.

Alama nazo zina fitina yake. Kikundi kikipewa alama moja ya pamoja, mzembe anavuna na hodari ananung'unika, na mzazi wake ananung'unika zaidi. Robert Slavin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alipendekeza njia ya haki zaidi: wanajifunza pamoja, jaribio kila mmoja anafanya peke yake, na mchango wa mtoto kwa timu yake unapimwa kwa kulinganisha na alama zake mwenyewe za nyuma. Aliyekuwa akipata 4 kati ya 10, leo akapata 7, ameibeba timu.

Kuhusu wazazi, swali lao la kila kikao ni hili: "Mwanangu anawafundisha wenzake, yeye anafaidika nini?" Anafaidika, tena pengine kuliko wote. Utafiti wa Noreen Webb wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ulionyesha kwamba wanaoeleza kwa kina huelewa zaidi, ilhali anayepewa jibu tupu haongezi kitu. Ndiyo maana watoto wafundishwe kusaidia. Mtoto akiulizwa hesabu ya sehemu, mazoea yake ni kusema "andika tano juu ya sita". Mzoeshe kuanza na "umeanzaje?", kisha "kwa nini umejumlisha za chini?" Inachukua wiki kadhaa kukaa midomoni mwao.

Kwa sekondari za Tanzania kuna kikwazo kingine, na hapa najua baadhi ya wakuu wa shule hawatanipenda. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza ametoka kusoma miaka yote kwa Kiswahili, sasa anaambiwa ajadili kwa Kiingereza, tena pengine akiteleza anaadhibiwa. Anachagua kunyamaza. Waruhusuni wafikiri na kubishana kwa Kiswahili kikundini, kisha wasaidiane kuandaa sentensi za Kiingereza za kuwasilisha. Lugha ya mtihani wataifikia wakiwa na la kusema.

Wingi wa wanafunzi hauzuii. Darasa la watoto 72 kwenye madawati ya watatuwatatu halihitaji kuhamisha kitu: wa dawati la mbele wanageuka kuwatazama wa nyuma, vikundi 12 vimepatikana. Kelele zitakuwepo, na mwalimu mkuu ajulishwe mapema asidhani darasa halina mwalimu.

Wala si kila kipindi kiwe cha vikundi. Dhana ngeni kabisa, hatua za kugawanya kwa njia ndefu, herufi za mwanzo kwa darasa la kwanza, hayo yanamhitaji mwalimu mbele ya ubao. Na kwa darasa ambalo halijazoea, usianze na sita. Anza na wawili: uliza swali, wape nusu dakika ya kimya kila mtu afikiri, waelezane dakika mbili, halafu mtaje mmoja aseme alichokisema mwenzake, si alichokisema yeye. Wiki ya kwanza wengi hawatakumbuka. Ya pili utawaona wanageuza shingo kusikiliza.