Kabla ya kununua kontrola ya bustani, chungulia tangi

Haipiti wiki kabla mtu hajanitumia picha ya kontrola ya kumwagilia bustani, kile kifaa kinachofungua na kufunga maji kwa ratiba: "Fundi, hii ni nzuri?" Nami humrudishia swali: tangi lako ni la lita ngapi, na maji ya kanjo kwenu huja siku gani?

Wengi hunyamaza hapo. Walitaka kusikia habari za programu ya simu. Lakini kontrola nyingi za kisasa zimeundwa kwa watu ambao mfereji wao haukauki. Sisi Nairobi tuna mgao, kwa hivyo nyasi hunywa kwenye tangi lile lile linaloogesha watoto. Kontrola isiyojua kwamba limebaki robo itafungulia nyasi maji saa kumi na moja alfajiri bila haya.

Mimi jambo hilo lilinipata mtaani South C. Nilifunga kontrola maridadi, mteja akafurahi, nikasahau floti, ile swichi inayoelea tangini na kukata maji yakipungua. Maji ya mgao yalipochelewa, tangi likaisha, na kontrola ikawasha pampu kama kawaida. Pampu ikazunguka kavu hadi sili, mpira unaozuia maji kuvuja, ikaungua. Pampu mpya nililipa mimi.

Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachokagua ni sehemu ya kuunganisha sensa ya mvua. Katika kontrola nyingi utakuta kipande kifupi cha waya kimeunganisha tundu mbili. Waya zikishikana, ratiba inaendelea. Zikiachana, umwagiliaji unasimama. Basi ninatoa kile kipande, naweka sensa ya mvua, halafu naunganisha floti ya tangi kwenye njia hiyo hiyo, moja baada ya nyingine. Maji yakishuka chini ya alama, floti inakata, na kontrola inaamini mvua inanyesha. Wacha idanganyike. Ila pima floti kwa mita ya fundi wa stima kwanza, kwa maana nyingine hufungwa kwa ajili ya kujaza tangi na hukata kinyume. Kontrola isiyo na sehemu ya sensa siichukui, hata kwa bei ya kutupa.

Kisha stima. Vali nyingi za bustani, zile zinazofungua na kufunga maji kwa stima, hutumia volti 24 za AC, na kontrola iliyobebwa na shangazi kutoka Marekani huja na transfoma ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 240 zetu utanusa moshi kabla hujaona tone la maji. Tafuta transfoma ya hapa inayotoa 24 AC. Pampu nayo usiiunganishe moja kwa moja: kontrola hutoa zile volti 24 tu, za kuamsha rilei (swichi inayoendeshwa na stima), na rilei ndiyo inayowasha pampu.

Je, huna pampu? Tangi lililo mita 3 juu ya bustani linakupa presha ya takriban 0.3 bar. Vali za kawaida hutegemea presha ya maji yenyewe kujifunga, na kwa kiasi hicho nyingi hubaki zikidondoka usiku kucha. Hapo nunua vali za mota.

Utabiri wa hewa wa mtandaoni siupi uzito sana. Karen inaweza kulowa chepechepe huku Embakasi vumbi linapaa, kwa hivyo sensa ndogo juu ya paa lako mwenyewe inajua zaidi. Ninachokitaka kwenye programu ni uwezo wa kugawa muda. Udongo mweusi wa Embakasi, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi, ukishalowa hunywa polepole mno; dakika 15 mfululizo na maji yako getini. Weka dakika 5, upumzike nusu saa, kisha urudie. Udongo mwekundu wa Runda hauna matata hayo.

Idadi ya njia, yaani sehemu za bustani ambazo kontrola humwagilia kwa zamu, isikusumbue. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, nyumba na maegesho vikishachukua nafasi yao, njia nne zinatosha, na anayekusukumia kumi na mbili muulize kama ameyahesabu maua yako.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aweke ratiba ya dakika mbili zijazo, kisha azime ruta. Kontrola ikikaa kimya muda ukifika, ratiba ilikuwa mtandaoni na haikuwa ndani ya kifaa. Mrudishie.