Je, wajua kwa nini benki ya wafanyabiashara huitwa hivyo?

Benki ya wafanyabiashara, ambayo haifai kuchanganywa na benki ya biashara tuliyoizoea, haitegemei amana za wananchi wa kawaida. Kazi yake ni kuzitafutia kampuni na serikali mitaji mikubwa kwa kuuza hisa na hatifungani (hati za mkopo unaolipwa baadaye pamoja na riba), kuzishauri kampuni zinazotaka kuungana, na mara nyingine kuwekeza fedha zake yenyewe. Jina lake limetokana na waasisi wake, ambao walianza kama wachuuzi wa bidhaa: Nathan Mayer Rothschild aliuza nguo Manchester kabla ya kuhamia London, na ndugu wa ukoo wa Baring, waliofungua kampuni yao mwaka 1762, walikuwa wana wa mfanyabiashara wa sufu.

Wachuuzi hao waliingiaje katika fedha? Katika karne ya 18, shehena ilikaa baharini kwa wiki nyingi, muuzaji akitaka fedha zake mapema na mnunuzi akitaka kulipa baada ya kuuza, tena wawili hao hawajuani. Mfanyabiashara mkubwa aliyewafahamu wateja wa pande zote alitia saini kwenye hati ya ahadi ya malipo, akikubali kuwajibika mnunuzi asipolipa, na kwa saini hiyo muuzaji aliweza kuiuza hati hiyo papo hapo kwa punguzo dogo. Mtia saini alipata kamisheni bila kutoa hata senti; alichouza hasa ni jina lake, na nadhani hapo ndipo penye kiini cha huduma hii hadi leo.

Jina lililoaminiwa na wachuuzi likaja kuaminiwa na serikali. Marekani iliponunua Louisiana kutoka Ufaransa mwaka 1803 kwa dola milioni 15, Barings na Hope & Co. ya Amsterdam ndizo zilizouza hatifungani za Marekani zilizotumika kulipia. Mwaka 1875 Rothschild iliikopesha Uingereza pauni milioni 4 za kununulia hisa za Mfereji wa Suez. Karne iliyofuata, mwaka 1963, S. G. Warburg ya London iliikusanyia kampuni ya barabara ya Italia, Autostrade, dola milioni 15 kutoka kwa wawekezaji wa nchi mbalimbali, na hivyo kufungua soko jipya la hatifungani za dola barani Ulaya.

Barings yenyewe ilianguka mwaka 1995, baada ya mfanyakazi wake mmoja aliyekuwa Singapore kuisababishia hasara ya zaidi ya pauni milioni 800. Benki ya ING ya Uholanzi ilibeba madeni yake, na bei iliyolipwa ilikuwa pauni 1.