Ufadhili mkubwa haumaanishi chuo nafuu

Wazazi wengi ambao watoto wao wanaomba vyuo nchini Marekani huamini kwamba chuo kinachotoa ufadhili mkubwa kwa ajili ya ufaulu ndicho nafuu kuliko vyote. Kinachopaswa kulinganishwa, hata hivyo, ni kiasi kinachobaki kulipwa: chuo kinachogharimu dola 50,000 kwa mwaka na kutoa 20,000 bado kinamdai mzazi 30,000, ilhali chuo cha umma cha jimboni kwake chenye gharama ya 25,000 ni nafuu zaidi hata kisipotoa senti moja. Neno "umma" nalo hupotosha, kwa sababu unafuu huo ni wa wakazi wa jimbo husika. Chuo Kikuu cha California humtoza mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetoka jimbo jingine nyongeza ya zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka. Masharti ya kuendelea kufadhiliwa, ambayo husomwa harakaharaka (kama yanasomwa), yana uzito uleule: ufadhili wa HOPE wa Georgia, unaolipwa kwa mapato ya bahati nasibu ya jimbo tangu 1993, husitishwa wastani wa alama unapokutwa chini ya 3.0 (kati ya 4.0) wakati wa ukaguzi.