Paipu za kiwandani: rangi tupu haitoshi, andikeni kilicho ndani

Tangu tuanze kupita viwandani kuangalia lebo za paipu, tukiuliza mbona paipu hazijaandikwa kilicho ndani, jibu tunalopewa sana ni "watu wetu wote wanazijua". Sawa, fundi wa boila anazijua, ila kibarua aliyeingia jana hazijui, na wazima moto wakija usiku hawazijui, na hao ndio watakaokuwa wanatafuta valvu ya kufunga gizani.

Kinachotuchosha ni hii imani kwamba rangi ni lugha moja dunia nzima. Sio hivyo jamani. Kwa mfumo wa Uingereza, BS 1710, rangi ya chungwa ni nyaya za umeme na asidi ni zambarau. Kwa ule wa Marekani, ASME A13.1, chungwa ni sumu au kitu cha kubabua ngozi. Sasa umenunua mtambo mmoja huku mwingine kule ukaacha rangi ilivyokuja, kiwanda kimoja kina chungwa mbili. Chagueni mfumo mmoja, halafu jina la kilicho ndani liandikwe kwa maneno na mshale wa kinakoelekea. Viwanda vya maziwa ndio kabisa, paipu ya maziwa, ya soda kali ya kusafishia na ya maji moto zote ni chuma kile kile kinachong'aa. Na tafadhali msiandike STIMA, Mkenya akisoma stima anawaza tokeni, hawazi mvuke wa shinikizo la bar 7 ulio na joto la nyuzi 170 hivi. Andikeni MVUKE.

Lebo ikae kando ya kila valvu, kwenye kona, pande zote mbili za ukuta paipu inapopenya, na pale inaponyooka kila mita 8 hadi 15.

Kuhusu adhabu (haya hayachukui nafasi ya sheria yenyewe): kifungu cha 6 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwenye kiwanda awape wafanyakazi taarifa za kuwalinda, akikiuka na kupatikana na hatia ni faini isiyozidi Sh500,000 au jela isiyozidi miezi 6, au vyote viwili. Mkaguzi pia anaweza kutoa ilani ya kurekebisha, yenye muda wake, au hatari ikiwa kubwa, ilani ya kusimamisha kazi.

Paipu ikibadilishwa matumizi, ng'oeni lebo ya zamani siku hiyo hiyo. Tumeshakuta paipu imeandikwa MVUKE ndani yake maji baridi, vijana wameizoea wanaanikia glavu, na ya mvuke wenyewe iko hatua tatu mbele ina lebo kama hiyo hiyo.