Khajuraho: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: Khajuraho ni mji wa sanamu za ngono.
Ukweli: Katika mji huu wa mahekalu ya kale nchini India, sanamu hizo hazifiki hata moja ya kumi ya sanamu zote. Nyingi ni miungu, wapiga ngoma, wapanda farasi, na wanawake wanaopaka wanja. Atafutaye zile tu huzunguka ukuta mzima wa hekalu la Kandariya Mahadeva (mita 31 hivi kwenda juu) bila kuziona, ilhali zimejazana penye kiungo kati ya ukumbi na chumba kitakatifu, kusini na kaskazini. Hekalu la Chaturbhuj halina hata moja, na kwa kuwa limeelekea magharibi, nenda huko alasiri. Mahekalu mengine karibu yote yanatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi ndilo linalofika ndani.

Dhana: Ni magofu tu, hakuna anayesali.
Ukweli: Hekalu la Matangeshvara bado lina ibada kila siku, mbele ya linga (nguzo ya jiwe inayomwakilisha mungu Shiva) la mita 2.5. Liko ubavuni mwa hekalu la Lakshmana, lakini nje ya uzio wa eneo la tiketi, hivyo halihitaji tiketi. Vua viatu, zunguka hekalu likiwa mkono wako wa kulia. Mwezi wa Mei, mawe ya adhuhuri huunguza nyayo, soksi husaidia.

Dhana: Ukiona Rama na Sita, wahusika watakatifu wa Kihindu, ukutani, hilo ni hekalu la Wahindu.
Ukweli: Hapo wengi hupotea. Parshvanatha ni hekalu la Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, na nje limechongwa mungu wa Kihindu Vishnu, Rama na Sita. Kinachoamua ni sanamu ya chumba cha ndani: tirthankara (mwalimu mtakatifu wa Wajaini) aliyetulia, hana silaha wala mikono ya ziada. Jirani yake, katika hekalu la Shantinatha, sanamu ya tirthankara Shantinatha mwenyewe imesimama kwa urefu wa mita 4.5 hivi. Katika mahekalu ya Wajaini viatu peke yake havitoshi: mkanda na pochi ya ngozi navyo viache nje, maana ngozi ni mnyama aliyeuawa.

Dhana: Mwingereza T. S. Burt ndiye aliyeyagundua mahekalu haya, 1838.
Ukweli: Wenyeji ndio waliomwelekeza. Na karne tano kabla yake, Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alishapaandika kwa jina la Kajarra, pamoja na mayogi (watawa wa Kihindu) wake wenye nywele ndefu.

Dhana: Saa moja inatosha.
Ukweli: Kundi la mahekalu la magharibi peke yake ni asubuhi nzima. La mashariki, lenye mahekalu ya Wajaini, liko upande wa kijiji cha zamani. Mahekalu ya Duladeo na Chaturbhuj yako kusini zaidi, kwa hiyo kodi baiskeli au bajaji. Jumba la makumbusho hufungwa Ijumaa.