Kwa nini mgonjwa anayetapika damu huwekewa omeprazoli

"Dokta, baba anatapika damu, mbona mnampa dawa ya kiungulia?" Aliyeniuliza hivyo, wodini hapa Moshi, ni kijana aliyemleta baba yake kutoka Marangu, mzee ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akimeza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuleta vidonda tumboni, kwa ajili ya magoti, hadi choo chake kikawa cheusi na chenye kunata kama lami.

Ni kweli kwamba omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo sawa na pantoprazoli na esomeprazoli, haizibi mshipa uliopasuka. Mshipa tunauziba sisi kwa endoskopi, mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni: tunadunga adrenalini pembeni mwa kidonda, kisha tunaubana mshipa kwa klipu au kuuchoma kwa joto. Kinachobaki juu yake ni kibonge cha damu iliyoganda, laini kama ini bichi, kilichokaa ndani ya mfuko wa asidi. Katika asidi kali chembe sahani, zile chembe za damu zinazoigandisha, hazishikamani vizuri, na pepsini, ambayo kazi yake ni kumeng'enya nyama, hukila kibonge hicho bila kujali kwamba si chakula. Asidi ikipungua hadi pH, kipimo chake, ipande kupita 6, pepsini hunyamaza na damu iliyoganda hushika. Ranitidini, dawa nyingine ya kupunguza asidi, haifikishi huko kwa uhakika, kwa kuwa mwili huizoea ndani ya siku chache.

Ndiyo maana, baada ya kuziba mshipa uliokuwa ukivuja, tunatoa miligramu 80 za omeprazoli kwa mkupuo kupitia mshipa, kisha miligramu 8 kila saa kwa saa 72, kwa kuwa damu ikirudi kutoka kwa wagonjwa wa aina hii, mara nyingi hurudi ndani ya muda huo. Katika utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2000, waliotokwa damu tena ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 6.7 kwa omeprazoli na 22.5 kwa dawa bandia. Pasipo na pampu ya dripu, miligramu 40 mara mbili kwa siku baada ya mkupuo ule ni njia inayokubalika. Kuanza dawa kabla ya endoskopi hakudhuru, mradi kusicheleweshe maji, damu wala endoskopi yenyewe.

Kipimo cha mzee cha Helicobacter pylori, bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo, kilitoka hasi. Sikukiamini, kwa sababu damu na omeprazoli huwaficha bakteria hao, hivyo tutakirudia. Kuhusu diklofenaki zilizobaki nyumbani, nilimwomba kijana azilete zote.