Je, wajua kwa nini saratani ya mirija ya nyongo huchunguzwa kwa hamsta?

Aliyewahi kupasua kuku anaujua ule uangalifu wa kutoa nyongo: ukiitumbua, ini lote linakuwa chungu. Sasa mpasue panya mweupe mkubwa wa maabara uitafute. Huipati. Hana kifuko cha nyongo kabisa. Nyongo yake hutoka kwenye ini na kushuka kwa mirija moja kwa moja hadi utumbo mwembamba. Kipanya, ndugu yake mdogo, anacho.

Hata hivyo, ukienda Khon Kaen, kaskazini mashariki mwa Thailand, mnyama anayetajwa sana na watafiti wa saratani ya mirija hiyo si mmoja wa hao wawili. Ni hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya mwenye mkia mfupi. Sababu imo kwenye sahani. Eneo hilo, liitwalo Isan, linaongoza duniani kwa saratani ya mirija ya nyongo, na watu wake wanapenda koi pla, samaki mbichi wa maji baridi aliyekatwakatwa na kuchanganywa na ndimu na pilipili. Ndani ya nyama ya samaki huyo hujificha vibuu vya mnyoo bapa wa ini, Opisthorchis viverrini. Ukishamla, mnyoo hupanda hadi kwenye mirija ya nyongo na kuishi humo miaka mingi, ukikwaruza na kuchokoza ukuta wa mrija. Mayai yake hutoka na choo, yakifika majini huliwa na konokono, kutoka kwa konokono vibuu huingia kwa samaki, na mzunguko unaanza upya.

Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka mnyoo huu kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Katika tathmini hiyohiyo aliwekwa pia mdudu wa kichocho cha mkojo, anayejulikana sana Pemba, kwa sababu ya saratani ya kibofu. Dawa yao nayo ni moja: prazikwanteli.

Mnyoo huu haustawi vizuri ndani ya panya wala kipanya. Ndani ya hamsta hujiona yuko nyumbani. Mwaka 1978 watafiti walichapisha jaribio ambalo bado linasimuliwa: hamsta waliopewa vibuu peke yake hawakupata saratani, waliopewa kiasi kidogo cha nitrosamini peke yake hawakupata, lakini waliopewa vyote viwili waliipata. Nitrosamini ni kemikali zinazopatikana pia katika baadhi ya vyakula vilivyohifadhiwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza ilionekana mnyoo na kemikali vikisaidiana kazi. (Hamsta wengi wa maabara, kwa taarifa yako, ni uzao wa familia moja iliyochimbuliwa shimoni karibu na Aleppo, Syria, mwaka 1930.)

Basi kwa nini watafiti wengine hawamtumii hamsta? Kwa sababu si kila mgonjwa alikula samaki mbichi. Ulaya na Marekani wengi wao hawajawahi kubeba mnyoo huyo, na baadhi ya uvimbe wao una hitilafu katika jeni iitwayo FGFR2, ambayo ni nadra kwenye saratani ya mnyoo. Anayetaka kujua jeni hiyo inafanya nini humchagua kipanya, maana jeni zake zimezoeleka kuchezewa na vitendanishi vyake, yaani kemikali za maabara za kumchunguzia, vimejaa sokoni. Vya hamsta ni vichache mno, na hapo ndipo watafiti wake wanapokwama.

Anayetaka kupima dawa kwa uvimbe wa mgonjwa fulani huchukua kipande chake na kukiotesha ndani ya ute laini kama jeli, kikawa vijipira vidogo viitwavyo oganoidi. Mwaka 2017 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba vijipira hivyo hubaki na sura na jeni za saratani ya ini na ya mirija ya nyongo ilikotoka. Mimi navipenda, ila havina damu wala askari wa mwili, yaani kinga. Wengine hupandikiza kipande hicho ndani ya kipanya asiye na kinga, ili mwili usikikatae. Kinakua vizuri, lakini dawa ya kuamsha kinga huwezi kuipima humo: hakuna kinga ya kuamsha.